Je, kinga ya virusi ya bure haitoshi kwa kompyuta ya nyumbani?

Wengi huamini kwamba programu ya bure ya kuzuia virusi ni dhaifu, na kwamba kompyuta ya nyumbani haiwi salama mpaka mwenyewe alipie leseni kila mwaka. Imani hiyo ina chanzo chake, kwani Windows XP ilikuja bila kinga ya virusi, na flashi moja iliyotoka kuchapishiwa kazi steshenari iliweza kuficha mafolda yote na kuacha njia za mkato tupu.

Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, kinga imo ndani ya mfumo wenyewe na husasishwa bila malipo. Hata watengenezaji wanaouza leseni, mara nyingi hutumia injini ileile ya kutambua virusi katika toleo lao la bure; kinacholipiwa hasa ni nyongeza, kama utunzaji wa nywila, udhibiti wa matumizi ya watoto na msaada wa fundi, na anayezihitaji hapotezi fedha yake. Ninachokihofia zaidi ni programu ya kulipia iliyochakachuliwa, kwa sababu aghalabu huja na virusi ndani yake.

Msomaji anaweza kujihakikishia mwenyewe: afungue sehemu ya usalama katika mipangilio ya Windows, asome ni kinga ipi inayofanya kazi, kisha atazame tarehe ya sasisho la mwisho. Ikiwa ni ya miezi mitatu iliyopita, kompyuta hiyo haijalindwa ipasavyo, hata kama leseni ilinunuliwa kwa bei ghali.