Kibali cha usalama cha serikali ya Marekani: kwa nini mtu wa kompyuta analipwa kwa kuwa nacho?

Ukipitia matangazo ya kazi za kompyuta kuzunguka Washington, hasa kaskazini mwa Virginia na kule Maryland karibu na Fort Meade, yalipo makao makuu ya shirika la ujasusi la NSA, utakuta herufi zilezile zikijirudia: TS/SCI. Mara nyingi zinatajwa kabla hata ya ujuzi wenyewe. Wanataka mtu anayeijua Linux, anayeandika Python, mwenye uzoefu wa miaka kadhaa, lakini asiye na herufi hizo maombi yake huwekwa kando mapema. Herufi hizo zinataja kibali cha usalama.

Kibali hiki ni uamuzi wa serikali ya Marekani kwamba mtu fulani anaweza kukabidhiwa taarifa za siri. Si cheti cha ujuzi. Hakisemi kama unajua kujenga mfumo au kuzuia wadukuzi. Kinasema tu kwamba umechunguzwa, na waliokuchunguza hawakuona sababu ya kukunyima. Ngazi zake ni tatu: Confidential ndiyo ya chini, Secret ya kati, na Top Secret (ndiyo ile TS ya kwenye matangazo) ya juu, kulingana na ukubwa wa madhara ambayo taifa lingepata siri hizo zikivuja. SCI, ambayo watu wengi huidhani kuwa ngazi ya nne, ni ruhusa ya ziada ya kufikia mafungu maalumu ya habari za kijasusi. Wizara ya Nishati, yenye dhamana ya silaha za nyuklia, ina vibali vyake viitwavyo Q na L. Na hata aliye navyo vyote hasomi faili asilolihitaji kwa kazi yake.

Mbona basi karatasi isiyopima ujuzi inapandisha mshahara wa mtu wa teknolojia?

Kwanza, huwezi kujiombea. Hakuna dirisha la kupeleka fomu na kulipa ada. Lazima mwajiri akudhamini kwa kazi inayohitaji kibali, awe idara ya serikali, jeshi, au kampuni yenye mkataba na serikali. Gharama ya uchunguzi inabebwa na serikali, wewe hutoi hata senti. Hapo ndipo vijana wanapokwama: waajiri wanamtaka mwenye kibali, na kibali hakipatikani bila mwajiri. Ndiyo sababu askari aliyehudumu kwenye mawasiliano au ujasusi, akivua sare akiwa na kibali chake bado hai, hagombei kazi kwa muda mrefu.

Pili, kuna kusubiri. Fomu yenyewe, SF-86, ina kurasa zaidi ya 100. Unaandika kila ulikoishi kwa miaka 10 bila kuacha pengo, na kwa anwani za karibuni unataja mtu aliyekufahamu ukiishi pale. Unaandika waajiri wote, safari za nje, ndugu walio nchi nyingine, madeni, dawa za kulevya. Kwa Top Secret, mpelelezi hukaa nawe ana kwa ana, kisha huenda kuwauliza majirani na mabosi wako wa zamani. Baadhi ya mashirika huongeza kipimo cha kugundua uongo. Shughuli yote inaweza kuchukua miezi mingi, na wapo wanaozidisha mwaka.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mwenye kampuni. Ameshinda zabuni ya kutoa wahandisi 10, wote wawe na Top Secret, kazi ianze mwezi ujao. Kila kiti kisicho na mtu ni ankara asiyoweza kuipeleka serikalini. Akimwajiri gwiji asiye na kibali, atamlipa akae kusubiri. Akimpata mhandisi wa kawaida tu mwenye kibali hai, huyo anaingia mlangoni na saa zake zinaanza kulipiwa. Anachonunua mwajiri, kwa kweli, ni ile miezi ya kusubiri. Tena wanaogombea ni wachache: kwa kawaida kibali ni cha raia wa Marekani pekee (raia wa tajnisi wamo), na kazi hizi haziwezi kuhamishiwa kwa watu wa bei nafuu katika nchi nyingine.

Soko lenyewe si la watengeneza ndege za kivita peke yao. Mwezi Desemba 2022 Wizara ya Ulinzi iliwapa Amazon, Google, Microsoft na Oracle mkataba wa huduma za wingu, yaani kompyuta zinazokodishwa kupitia mtandao, wenye kikomo cha dola bilioni 9, nao unagusa mitandao ya siri. Mashine za namna hiyo zinahitaji watu wa kuzihudumia, na watu hao lazima wawe na vibali.

Mahali wengi wanapojidanganya ni hapa: wanakihesabu kibali kama mali yao. Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua mwaka 1988, katika kesi ya Egan, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kupewa kibali. Ukiacha kazi, ruhusa yako ya kugusa siri inakatika siku hiyohiyo, na kibali kinalala. Kwa desturi, mwajiri mwingine anaweza kukiamsha ndani ya miaka miwili bila uchunguzi kuanza upya, mradi ule wa awali haujapitwa na wakati. Miaka miwili ikiisha, unarudi kwenye foleni na wenzako. Mtu aliyekimbilia kampuni changa isiyo na mkataba wa serikali anapaswa kuihesabu miezi hiyo kama anavyohesabu akiba yake benki.

Kibali kinaweza pia kupotea ukiwa kazini. Kuna vigezo 13 vinavyotumika tangu Juni 2017, na kinachowashangaza wengi ni uzito wa pesa: mwenye madeni aliyoshindwa kuyalipa huonekana ni rahisi kununuliwa. Bangi nayo inawaponza watu, maana majimbo mengi yameihalalisha lakini sheria ya shirikisho haijafanya hivyo, na kibali ni cha shirikisho. Lakini kuficha jambo kwenye fomu huweza kukugharimu kuliko jambo lenyewe. Na zile taarifa zote ulizojaza zinakaa mahali: mwaka 2015 ilibainika kwamba wadukuzi walikuwa wameiba kumbukumbu za uchunguzi za watu milioni 21.5 kutoka ofisi ya utumishi ya serikali.

Kisha kuna maisha yenyewe ya kazini, ambayo matangazo hayayasemi. Asubuhi unafika kwenye chumba kilichojengwa mahususi kwa kazi za siri. Mlangoni kuna vikabati vidogo. Simu inabaki humo, na saa janja pia. Ndani, kompyuta yako haijaunganishwa na intaneti ya kawaida. Kosa la programu ambalo mtu mwingine angelitafutia jibu kwa sekunde chache, wewe unaenda kulisoma kwenye mashine nyingine, kisha unarudi nalo kichwani. Kufanyia kazi nyumbani usahau. Na miaka mitano baadaye, ukiulizwa umejenga nini, sehemu kubwa ya jibu huruhusiwi kuitoa. Kwa maoni yangu hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote. Nyongeza ya mshahara inaonekana kila mwezi, ila ujuzi unaochakaa hauonekani mpaka siku unapotaka kuondoka.

Kwa anayeanza, tangazo la kutafuta ni lile linalosema mwombaji awe mtu anayeweza kupata kibali, si lazima awe nacho tayari. Maana yake kampuni au idara iko tayari kudhamini na kusubiri. NSA na CIA huchukua pia wanafunzi kwa mafunzo ya kazi, na maombi hufunguliwa mapema mno kwa sababu ya uchunguzi huo. SF-86 tupu inapatikana wazi mtandaoni. Mwanafunzi anaweza kuifungua leo na kuanza kuandika kila chumba alichopanga na jina la jirani wa pale, kabla hajamsahau.