Neno Jepesi Ndilo Linalokuangusha

Wanaoanza kusoma Murder in the Cathedral, tamthilia ya kishairi ya T. S. Eliot, huniletea orodha ya maneno magumu: majina ya sala, vyeo vya kanisa, aina za adhabu. Hayo kamusi inayamaliza upesi. Kinachowapoteza ni maneno wanayodhani wanayajua.

Chukua "chancellor". Msomaji wa leo humwona mkuu wa chuo kikuu au kiongozi wa Ujerumani. Katika utawala wa Mfalme Henry II wa Uingereza, huyo alikuwa mtunza muhuri wa mfalme, na Thomas Becket, mhusika mkuu wa tamthilia, aliyeshika cheo hicho, alikuwa rafiki wa ndani wa mfalme. Mwaka 1162 Becket akafanywa Askofu Mkuu wa Canterbury, akaurudisha muhuri, na uhasama ukaanzia hapo. Bila kujua hayo, Mjaribu wa Pili, mmoja wa wajaribu wanne wanaomjia Thomas kumshawishi, anapomtaka arudie cheo hicho, utamsikia kama mtu anayegawa vyeo tu.

Lililonitesa mimi zaidi ni "suffer". Thomas akiingia tu, anasema kwamba wanawake wa Canterbury wanajua na hawajui maana ya "act" na "suffer". Mara ya kwanza nililitafsiri "kuteseka", na mistari ikafa mdomoni mwa mwigizaji. Kuteseka ni maumivu, na hapa neno limebeba pia maana yake ya zamani: kufikwa na jambo, kulipokea. Nikaandika "kutenda na kutendwa". Herufi moja tu, w, ikabeba mzigo wote! Baadaye Mjaribu wa Nne anapomrudishia Thomas maneno yake mwenyewe, sikio linayatambua papo hapo.

Kisha "martyr". Katika Kigiriki lilikotoka, ni mtu anayetoa ushahidi. Kiingereza kiliuacha ushahidi njiani, kikabaki na kifo. Sisi bado tunavyo vyote viwili: shahidi husimama mahakamani, na waliouawa kwa ajili ya imani Uganda ni mashahidi vilevile. Wapo wanaopenda "mfiadini", neno zuri, ila katika tamthilia hii nalikwepa. Mfiadini huanza na kufa, na kifo chenye utukufu ndicho hasa Mjaribu wa Nne anachomtamanisha nacho Thomas. Shahidi hasemi habari zake. Husema za yule anayemshuhudia. Kwa hiyo katika mahubiri ya asubuhi ya Krismasi, siku nne kabla ya Thomas kuuawa tarehe 29 Desemba 1170, naweka "shahidi" kila mahali.