Buibui mbwa-mwitu hawawindi kwa makundi

Kila baada ya muda ujumbe huu hurudi kwenye magrupu: eti buibui mbwa-mwitu ni aina moja hatari ya nchi ya mbali, na huwinda kwa makundi kama mbwa-mwitu wenyewe. Si kweli.

Hao ni familia nzima, Lycosidae, yenye spishi zaidi ya 2,400, na wapo katika kila bara isipokuwa Antaktika. Kila mmoja huwinda peke yake, kwa kuvizia au kukimbiza, na wengi hawategi utando. Akimuuma mtu, kwa kawaida huacha maumivu na uvimbe wa muda tu.

Nadhani mbali na jina, kinachopotosha ni picha ya lile “kundi”: buibui wadogo waliorundikana juu ya mkubwa. Huyo ni mama aliyebeba watoto wake mgongoni. Kabla hawajaanguliwa, alitembea na kifuko cha mayai nyuma ya tumbo. Tafadhali, msiisambaze picha hiyo kama tishio.

Ukitaka kuhakiki kama uliyemwona ni buibui mbwa-mwitu, tazama macho yake: manne madogo chini, mawili makubwa katikati, mawili juu. Usiku, shika tochi usawa wa macho yako umulike nyasi, macho ya buibui yatang'aa.