"Mwalimu, mie hesabu basi tena": dhana potofu za wanafunzi wa uzamili kuhusu takwimu

"Mwalimu, mie hesabu basi tena, zilinishinda tangu skuli." Msimu wa tasnifu ukikaribia, maneno haya huyasikia Unguja na Pemba, tena kutoka kwa wauguzi, walimu wakuu na maofisa wa wizara, watu wanaoendesha wodi na skuli nzima bila kutetereka. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja.

Dhana: Takwimu ni hesabu, na aliyeshindwa na hesabu asijisumbue.

Ukweli ni kwamba ukokotoaji wa kozi nyingi za uzamili ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kipeuo cha pili, na wote huo kompyuta inaufanya. Kinachobaki ni kufikiri. Tuseme wakulima watano wa Wete wamevuna karafuu kilo 40, 50, 60, 70 na 780. Wastani ni kilo 200. Je, hiyo 200 inamweleza mkulima wa kawaida hapo? Ninayemuuliza hunijibu papo hapo: hapana, yule wa 780 kawabeba wenzake, bora uitazame 60 iliyo katikati. Na huyo huyo punde tu alikuwa akiniapia kwamba takwimu si zake!

Sisemi woga wa takwimu ni deko. Upo, na unapimwa. Kipimo maarufu, STARS, kiliundwa Marekani mwaka 1985 kikiwa na sehemu sita, na moja tu ndiyo inayohusu mtu anavyojiona katika ukokotoaji. Nyingine ni woga wa darasa na mtihani, woga wa kufasiri matokeo, kuona takwimu hazina faida, kumwogopa mwalimu, na kuogopa kuomba msaada. Hii ya mwisho ndiyo inayowamaliza watu wetu. Mtu mzima kakaa darasa moja na vijana aliowasomesha mwenyewe. Atanyoosha mkono vipi kuuliza mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ni kitu gani? Anaitikia kwa kichwa, anatoka na fundo lake. Miezi inapita hajagusa data, mwisho anamlipa kijana amwendeshee SPSS, programu ya kompyuta ya takwimu. Siku ya kutetea tasnifu anaulizwa kwa nini alichagua jaribio lile, na kijana hayupo.

Tafiti zinaonesha kweli kwamba woga ukizidi alama huelekea kushuka, lakini uhusiano huo si mkubwa kiasi cha kumhukumu mtu. Wenye woga wanaofaulu ni wengi. Hasara kubwa naiona kwenye kukwepa.

Wapo pia wanaosubiri wajiamini kwanza ndipo waanze. Watasubiri sana. Mwanasaikolojia Albert Bandura, aliyeandika mwaka 1977 juu ya imani ya mtu katika uwezo wake, aliweka kufanikiwa kwa kutenda mbele ya maneno ya kutiwa moyo. Ndiyo maana kila anayekuja kwangu namkabidhi kalamu: andika umri wa watu wa nyumbani kwako, utafute mkengeuko sanifu kwa mkono. Mara moja tu. Wananung'unika, "Si SPSS ipo?" Ipo, na itakusubiri.

Dhana: Programu itaniambia la kufanya. Zanzibar ina wilaya 11. Zipe namba 1 hadi 11, mwandikie kila mhojiwa namba ya wilaya yake, uiagize programu itafute wastani, nayo itakuletea kitu kama "wilaya 6.3" bila haya yoyote, ilhali namba hizo ni majina tu.

Dhana: p ikizidi 0.05 utafiti umeharibika. Hiyo p ni uwezekano wa kupata tofauti kubwa kama uliyoiona, au zaidi, ikiwa kwa kweli hakuna tofauti. Mpaka huo ulienea kupitia kitabu cha mtakwimu R. A. Fisher cha mwaka 1925, kwa kuwa ni rahisi kuutumia. Thamani ya p haikwambii uwezekano wa nadharia tete yako, yaani dai unalolipima, kuwa kweli, wala ukubwa wa tofauti. Kutoona tofauti nako ni matokeo, yaandike.

Dhana: Nitafanya mahojiano tu, nikimbie namba. Kayanukuu mahojiano ishirini neno kwa neno, kisha uyapange kwa mada, halafu tuzungumze.

Dhana: Data kwanza, takwimu baadaye. Fisher huyo huyo alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mtakwimu baada ya jaribio kwisha mara nyingi ni kumwomba apasue maiti tu. Chora majedwali ya matokeo yakiwa matupu, kabla hojaji haijaenda kuchapwa. Jedwali usiloweza kulijaza kwa maswali uliyonayo litakuonesha swali lililosahaulika, wakati bado unaweza kuliongeza.