Peptidi za Tiba: Zipi Zimethibitishwa, Zipi Bado?

Peptidi ni nini, na kwa nini nyingi hutolewa kwa sindano?

Ni minyororo mifupi ya asidi amino, zile zile zinazojenga protini, na mwili wenyewe huzitumia kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Zikimezwa, nyingi humeng'enywa kabla ya kufika kwenye damu.

Je, zipo zilizothibitishwa?

Zipo. Insulini, yenye asidi amino 51, imekuwa ikiokoa wagonjwa wa kisukari tangu mwaka 1922. Semaglutidi, peptidi ya kupunguza uzito, nayo ilijaribiwa kwa watu 1,961 wenye uzito uliozidi na wasio na kisukari: baada ya wiki 68, waliopewa dawa walikuwa wamepungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, ilhali waliopewa sindano isiyo na dawa walipungua asilimia 2.4. Hata hivyo, kichefuchefu, kutapika na kuhara hutokea mara nyingi, wachache hupata mawe ya nyongo au kuvimba kwa kongosho, na wengi wanaoiacha huanza kunenepa tena.

Vipi kuhusu BPC-157, peptidi inayosifiwa kuponya kano na misuli?

Hapa namsihi msomaji awe na subira. Karibu ushahidi wake wote umetokana na wanyama, hasa panya, na matokeo ya panya yanatosha tu kuhalalisha utafiti makini kwa binadamu. Katika tafiti hizo imeonekana kuchochea mishipa mipya ya damu. Jambo hilo laweza kusaidia jeraha kupona, lakini uvimbe wa saratani nao hukua kwa kutegemea mishipa kama hiyo. Wanamichezo wamepigwa marufuku kuitumia tangu mwaka 2022.

Kichupa cha peptidi kimeandikwa "kwa utafiti tu". Kina hatari gani?

Maandishi hayo yanamaanisha kwamba bidhaa haikuidhinishwa kuwa dawa ya binadamu, hivyo kilichomo chaweza kuwa pungufu, kingi kupita kiasi, au kitu kingine kabisa. Sumu za bakteria huweza kubaki ndani hata baada ya bakteria wenyewe kufa. Aidha, mtumiaji huchanganya poda na maji mwenyewe, na akisoma miligramu badala ya mikrogramu, atajidunga dozi mara 1,000 ya ile iliyokusudiwa.

Nimeshaanza kutumia. Nifanye nini?

Mweleze daktari au mfamasia bila kuona haya, na umpelekee kichupa chenyewe. Ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, homa pamoja na wekundu unaosambaa ulipojidunga, au uso kuvimba na pumzi kubana, nenda hospitali mara moja. Ikiwa unatumia insulini uliyoandikiwa, usiiache.