Jarida Lenye ISSN Bado Laweza Kuwa Jarida Hewa

Malalamiko yanayofika kwenye ofisi yetu ya utafiti na machapisho yameongezeka, na mengi yana sura moja: ni ya majarida hewa, yanayochapisha chochote mradi umelipa, bila uhakiki wa kweli. Mwanafunzi wa uzamili anaingia, anafungua simu na kutuonesha barua pepe inayoanza "Mpendwa Profesa Mashuhuri". Yeye si profesa, hata tasnifu hajaitetea. Ameahidiwa kuwa makala yake itachapishwa ndani ya siku 3 akilipa dola 150, na ameshalipa. Makala imetoka kweli, ila jina lake limekosewa na jedwali la mavuno ya mwani wa Paje, pwani ya Unguja, limewekwa juu chini. Anauliza kwa nini chuo kinaikataa ilhali jarida "lina ISSN".

Tuliseme tena, kwa kuwa tumeshalisema katika kila semina: ISSN ni namba ya kutambulisha majarida na magazeti tu. Hata jarida la mapishi hupewa. Mfumo wake una makao makuu Paris, Ufaransa, na hakuna anayesoma makala zako kabla ya kuitoa. Unachoweza kukigundua ni namba ya kubuni. Chukua 0317-8471. Tarakimu saba za mwanzo zizidishe kwa 8, 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano, kisha jumlisha: unapata 120. Gawa kwa 11, linabaki 10. Toa 10 katika 11, unapata 1, ndiyo tarakimu ya mwisho. Jibu likiwa 10 huandikwa X. Mgawanyo usipobakisha kitu, huandikwa 0. Hesabu ikikataa, namba hiyo ni ya uongo au imenakiliwa vibaya. Ikikubali, bado hujajua lolote kuhusu ubora wa jarida.

Ubora unatokana na uhakiki. Mhariri humpelekea makala mtu wa fani ile ile, mara nyingi wawili au zaidi, asiyekuwa na sababu ya kukupendelea. Mhakiki anayeijua pwani yetu atakuuliza: mwani uliupima wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo? Msimu gani? Joto la maji lilikuwa kiasi gani? Maswali hayo yanaumiza, na kuyajibu huchukua miezi. Lakini kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani mwaka 1989, waliokibeba zaidi ni kina mama, na leo ndio wanaoona cottonii, mwani wenye bei nzuri, ukiwafia maji yakipata joto. Wakishauriwa kwa makala ambayo hakuna aliyeihakiki, hasara ni yao.

Wala majarida ya kweli hayako mbali. Western Indian Ocean Journal of Marine Science hutolewa na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Hindi ya magharibi, yenye makao hapa hapa Unguja. Kwa wanaoandika kuhusu lugha, jarida liitwalo Kiswahili, la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina mizizi katika kamati ya lugha ya mwaka 1930, ile iliyosanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Anzia pia African Journals Online, mtandao wa majarida ya Afrika uliopo tangu 1998. Soma matoleo mawili matatu ya jarida kabla ya kutuma chochote.

Magazeti ya wanafunzi ni jambo jingine. Tunayapenda, na wengi wetu tulijifunza kuandika humo. Ila mhariri wake ni mwanafunzi mwenzako, kwa hiyo usiyaorodheshe kama machapisho ya kitaaluma kwenye maombi ya kazi.

Kuhusu adhabu, tusifichane. Andiko la jarida hewa huondolewa kwenye faili la kupandishwa cheo. Likiwa na maneno yaliyonakiliwa, mwandishi huitwa kamati ya nidhamu, na msimamizi aliyewekwa jina naye huulizwa. Shahada inaweza kufutwa hata baada ya mahafali.

Kama umeshalipa, usilipe tena wakikudai "ada ya kuondoa makala". Waandikie kwamba unaiondoa, hifadhi risiti, na usisaini fomu ya kuwaachia hakimiliki. Usiipeleke makala hiyo kwa jarida jingine kabla hujatuona, kwa sababu kuiwasilisha kwingine ikiwa bado mikononi mwao ni kosa la pili. Njoo na barua zote, hata zile unazoona haya kuzionesha. Mhariri wa jarida jipya tutamwandikia pamoja nawe.