Je, bustani ya shule lazima iwe na eneo kubwa?

Wengi huamini kwamba shule isiyo na eneo kubwa haiwezi kuwa na bustani ya kufundishia watoto stadi za maisha. Inaeleweka, maana kilimo tumezoea kukiona shambani. Lakini mboga nyingi za majani hutosheka na udongo wa kina cha sentimita 20 hivi, hata kwenye gunia au ndoo kuukuu iliyotobolewa chini ili maji yasituame, mradi zipate jua kwa muda wa saa 6 hivi kila siku. Na mtoto anayekumbuka zamu yake ya kumwagilia hujifunza uwajibikaji uleule, tuta liwe moja au ishirini.

Ukitaka kuhakikisha, pandeni figili kwenye ndoo moja, watoto wapime miche kwa rula kila Ijumaa. Huvunwa baada ya wiki 4 hadi 6.